Nguzo ya Upande wa Bahari

Mashine ya kukaushia ilikufa Jumanne.
Ilinuka mpira ulioungua, ikanyamaza
na shuka za watoto tumboni.
Fundi akaniambia kwa simu: kipuri kinatoka bara,
wiki sita, labda nane, meli ikipenda.
Hapa Newfoundland hata msumari hungoja meli.
Nikalitazama kapu la nguo, nalo likanitazama.

Selby yuko Alberta, kwenye visima vya mafuta,
harudi mpaka Krismasi.
Basi nilishika mtaimbo mwenyewe.
Nani alisema ardhi? Huku hakuna ardhi,
kuna jiwe lililovaa majani kwa ajili ya wageni.
Shimo la kwanza, shibiri moja: kang!
La pili: kang!
La tatu nikapata udongo wa kujaza kikombe,
nikafurahi kama mjinga,
kisha kang.

Effie Pardy akatokea uani na sigara yake na maoni yake.
"Nguzo huku haichimbiwi. Hujengewa sanduku.
Lilishe mawe mpaka likatae."
Tukapanga magogo manne kuzunguka msonobari
niliouambua gome kwa kisu cha samaki,
tukalisha mawe, mawe, mawe.
Hayo angalau hatukuyaagiza.

Kapi moja ukutani, kando ya mlango wa jikoni,
jingine juu kule, kwenye nguzo ya upande wa bahari,
na kati yao kamba moja inayofukuza mkia wake.
Hatua kumi na tisa.
Nilifunga fundo, likafunguka.
Nikafunga jingine; Effie akacheka hadi akakohoa,
akanisukuma kando,
akalifunga kwa vidole vilivyopindwa na kiwanda cha kaa,
macho yake yakiwa kwingine kabisa.
Sijui mpaka leo fundo lile linaitwaje.

Nilianika. Akanianulia.
"Soksi kwa jozi. Shuka upande wa barabara,
za ndani nyuma yake.
Kamba ni mdomo, binti. Ukianika ovyo, inasema ovyo."
Hata hivyo ikasema.
Ghuba nzima ikasoma kwamba Wanda wangu bado anakojoa kitandani,
kwamba nina taulo moja tu la maana,
kwamba nyumba hii haina shati la mwanamume.

Jumatatu iliyofuata nilitoa kabatini shati la Selby la miraba,
safi, lililopigwa pasi tangu Agosti,
nikalilowesha, nikalianika.
Effie aliliona.
Alizima sigara kwenye jiwe, akaingia ndani kwake.

Kipuri kilifika Oktoba.
Kimo ndani ya boksi lake, chini ya ngazi.

Desemba nguo hazidondoki maji, zinaganda.
Hukauka hivyohivyo, polepole,
barafu ikitoroka uzini bila kupitia maji.
Saa kumi na moja jioni, giza limeshakaa,
nilitoka na tochi kuanua.
Kapi likalia, kamba ikavutika,
suruali zikaja zikigongana kama mbao sokoni.
Shati la miraba lilikuwa limetanua mikono,
gumu kama mlango.
Nikalikumbatia, halikukunjika.
Mlangoni likakwama.
Ikabidi nilipitishe kiubavu,
kama apitavyo mwenyewe akiwa na begi.

Nikalisimamisha kwenye kiti karibu na jiko.
Watoto wakaacha kula.
Likakaa wima muda wa birika kuchemka,
halafu bega moja likalegea,
halafu la pili,
kifua kikashuka taratibu, likaketi.

Wanda akalisogezea kikombe.